Barabara ya Liset

Skorvdal, 19 Januari

Ndugu yangu Nauroz,

Salamu kwako, kwa shemeji Zewar na kwa mwanangu Sabera. Mke wangu Ragnfrid naye anawasalimu. Amekaa hapa mezani ananitazama ninavyoandika, anasema nimeishika kalamu kama nimeshika nyundo.

Sijui barua kwa mtu aliyefungiwa huanzwaje. Mchungaji ametuambia kwamba simu zenu zimechukuliwa na ile ya ukutani mnapewa kwa zamu, basi nikaona heri niandike. Na kwa kweli hata kama simu ingekuwepo, sijui ningefungua mdomo niseme nini.

Nianze na nyumba. Kila jioni napanda kuwasha jiko la kuni ili mabomba yasigande. Mlango nimeufunga, ufunguo ninao. Siku ile ya kwanza Ragnfrid alikuta unga wa shemeji umeumuka mpaka umefurika bakuli na kuteremka mezani. Hatukujua tufanyeje. Kuutupa tuliona ni dhambi, kuuacha usingefaa kitu. Ragnfrid akauoka, tukaula. Mwambie shemeji ulikuwa mkate mtamu, na kwamba tuliula bila kuangaliana.

Habari za kuchukuliwa kwenu tulizipata dukani asubuhi ile, kama watu wengine wote. Gjertrud muuza duka alikuwa analia pale kaunta, hata chenji hakuweza kurudisha. Watu wana hasira. Wanaulizana polisi walipitaje, maana usiku ule theluji ilikuwa imeifunga barabara ya Liset kabisa, hata mbwa asingepita. Mimi nikawaambia sijui. Watu husema mengi.

Tunakutumieni mabuti ya Sabera, tumeyakuta kwenye kabati la mlangoni, na soksi za sufu alizofuma Ragnfrid. Ukihitaji kitu chochote, sema. Chochote kile.

Jirani yako,
Torleiv Moen


Kituoni, 26 Januari

Kaka Torleiv,

Mimi Nauroz ninasema, Sabera anaandika. Kinorwe changu unakijua. (Ni kibaya sana. Hii ni mimi, Sabera.)

Tumefurahi mno kupata barua. Zewar anasema mmefanya vizuri kuula ule mkate, angeona vibaya zaidi kama ungetupwa. Anamsalimu Ragnfrid. Hali chakula cha hapa, anakunywa chai tu.

Hapa ni pasafi. Niseme haki, ni pasafi kuliko nyumba yetu. Madirisha hayafunguki. Wanatuhesabu asubuhi na jioni. (Kama unavyohesabu kondoo, Baba Mkubwa, ila sisi hatuna pa kutorokea.) Ndege zinapita juu ya paa, na kila moja ikipita watu wote kwenye chumba cha kulia chakula wananyamaza. Walinzi ni wapole, na hilo linanichosha kuliko ukali. Mtu anakufungia mlango kwa nje, kisha anakutakia usiku mwema.

Sasa nisikilize vizuri. Wakili wetu, mama mmoja anayeitwa Aune, alikuja juzi. Anasema ipo kanuni mpya kwa watoto waliokulia nchini kama Sabera. Kesi yao inaweza kusikilizwa upya, ila si kama familia ilipambana na polisi siku ya kuchukuliwa. Na polisi wameandika kwamba niliwazuia mlangoni na kumsukuma mmoja wao. Sikumsukuma mtu. Nilifungua mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini wao walikuwa wengi na wote wameandika neno moja. Wakili anatafuta mtu wa nje aliyeona. Asipopatikana, tutapandishwa ndege twende Kabul, mji ambao Sabera hajawahi hata kuuona.

Msalimie mchungaji, na Gjertrud, na ng'ombe wako wote.

Nauroz

Baba Mkubwa, Baba amekwenda kuhesabiwa, kwa hiyo naandika haya haraka na kwa herufi ndogo. Amenikataza, lakini mimi najua! Nilikuona! Nilipobebwa niliona trekta lako na taa zake zote zinawaka, nikajua umewafukuzia polisi uje kutuokoa, ila wao walikuwa wengi. Nilikupungia na ukanipungia. Nimewasimulia watoto wote wa hapa. Kuna kijana wa Kieritrea anasema hakuna mzungu wa hivyo, nikamwambia wewe huwajui watu wa Skorvdal. Nimemwandikia mwalimu Turid pia. Asante kwa mabuti. Yamenibana kidogo, nadhani nimekua.

Sabera


Skorvdal, 3 Februari

Ndugu Nauroz,

Barua yenu imefika. Ragnfrid aliisoma, akairudia, kisha akaniwekea mezani. Tangu hapo anaongea na ng'ombe zaidi kuliko anavyoongea nami.

Huku baridi imezidi. Paa la banda linahitaji kukwanguliwa theluji, na mgongo wangu hautaki. Ng'ombe yule mwekundu amezaa, ndama jike, mzima kabisa.

Jumapili tulikuwa na maandamano ya mienge kwa ajili yenu. Kijiji kizima kilitoka, hata wale wa upande wa pili wa mto ambao hawajaongea nasi tangu ule ugomvi wa uzio. Sasa ile hadithi ya Sabera kuhusu trekta imefika shuleni, na mwalimu Turid akaisimulia mbele ya kanisa, kwa kipaza sauti. "Sisi wote tulikuwa tumelala," akasema, "Torleiv Moen peke yake ndiye aliyetoka." Watu wakapiga makofi. Wakataka nibebe mwenge wa kwanza. Nikasema, "Hapana jamani, wapeni vijana." Gjertrud akanisukuma mgongoni: "Acha kujishusha, mzee! Umefanya la maana mara moja maishani, beba!"

Nikabeba. Nilibeba kutoka kanisani mpaka ofisi za halmashauri, na watu wote nyuma yangu wakiimba. Bahati moshi ulikuwa mwingi, hakuna aliyeshangaa kuona macho yangu.

Sabera mwanangu, gizani watoto huona vitu vikubwa kuliko vilivyo. Hayo ya trekta tuyaache. Ukirudi utanisaidia kumpa ndama jina.

Nauroz, wakili Aune alinipigia simu. Amenipata kwa mwalimu Turid. Aliniuliza niliona nini. Nikamwambia nina ng'ombe anazaa, nitampigia baadaye. Na ni kweli ng'ombe alikuwa anazaa. Alizaa siku hiyo hiyo, salama. Sijampigia bado.

Torleiv


Kituoni, 10 Februari

Torleiv,

Leo naandika mwenyewe. Sabera yuko kwenye chumba wanachokiita shule. Utanivumilia makosa ya lugha.

Tangu ilipokuja ile barua ya kukataliwa, wakati wa vuli, tulikuwa tunalala na nguo. Suruali, sweta, soksi. Mabuti ya Sabera tuliyaweka kitandani, upande wa miguu. Hukujua hilo. Hatukumwambia mtu, maana ni aibu kumwambia jirani kwamba unalala kama mtu anayengoja basi. Wenzetu wote wenye barua kama ile wanalala hivyo hivyo.

Jioni ile theluji ilianguka mpaka barabara ikapotea. Zewar alichungulia dirishani akasema, "Leo hawawezi." Akapasha maji, akamwogesha Sabera, akamvalisha zile nguo za kulalia zenye maua alizopewa na Ragnfrid. Hakuwa amezivaa hata siku moja. Mabuti akayarudisha kwenye kabati la mlangoni. Nami nikavua suruali yangu. Zewar akakanda unga wa asubuhi. Tulicheka sana, sikumbuki tulicheka nini.

Alfajiri nikasikia trekta. Trekta lako nalijua, linakohoa likipandisha kilima. Zewar alishtuka akataka tutoke kwa mlango wa nyuma. Unajua alitaka tukimbilie wapi? Bandani kwako. Nikamshika mkono nikamwambia, "Tulia, mama. Ni Torleiv, amekuja kutufungulia njia." Nikaenda jikoni nikabandika birika la chai, kwa ajili yako. Walipogonga sikuuliza nani. Nilifungua.

Kwa hiyo usiniandikie tena habari za duka.

Unadhani nimekasirika. Ningekuwa na hasira ningelala vizuri zaidi. Ninaona haya, Torleiv. Nilimwambia mke wangu atulie, na sasa kila akinitazama nalisikia lile neno. Yeye hajalitaja hata mara moja. Laiti angelitaja.

Usiniombe radhi. Sijui ningeiweka wapi. Ninataka kitu kimoja kutoka kwako. Taa za trekta lako zilikuwa zimeelekezwa kwenye mlango wetu, zilitumulika kama mchana. Uliona nani aliyefungua. Uliona mikono yangu ilikuwa wapi. Mwandikie wakili hayo, si zaidi. Bodi inakaa mwanzoni mwa Machi, na wewe ndiye pekee aliyekuwa pale ambaye si polisi.

Najua kijiji kitajua ulikuwa unafanya nini pale. Na Sabera naye atajua. Huyo niachie mimi, nitamweleza taratibu. Wewe andika.

Nauroz


Skorvdal, 14 Februari

Nauroz,

Nimekaa na barua yako bandani, maana ndani nilishindwa.

Nitakuambia yote. Simu ililia usingizini, ya halmashauri. Mkataba wangu wa barabara unaujua, simu ikilia unatoka, huulizi. Wakasema kuna gari la huduma linatakiwa kupita mpaka mwisho wa barabara ya Liset kabla hakujakucha. Nikafikiri labda ni gari la wagonjwa. Nikafikiri labda shemeji kaugua, nikavaa haraka, Ragnfrid shahidi yangu. Kufika njia panda nikakuta gari kubwa jeusi limezima taa. Kijana wa polisi akagonga kioo changu, mstaarabu tu, akasema, "Tangulia mzee, sisi tuko nyuma yako." Nikamuuliza, "Mnakwenda kwa nani?" Akacheka. "Kwani huko juu wanakaa wangapi?"

Nauroz, barabara ile ina nyumba moja tu. Nilijua.

Ningeweza kumwambia bapa la kusukumia theluji limevunjika. Ningeweza kuliingiza trekta mtaroni, nimeshaliingiza mara nyingi bila kutaka. Nilikuwa na kilima kizima cha kufikiria hayo. Lakini mkono ulikuwa unafanya kazi, na kazi ile naijua, na nikaifanya vizuri. Nilisafisha mpaka kizingitini pako. Kisha nikarudi nyuma nikawasafishia hata mahali pa kugeuzia gari, hawakuwa wameomba. Ndivyo ninavyofanya kwa kila mtu. Kazi nusu siku zote nimeiona aibu, na mpaka siku ile sikujua aibu nyingine.

Nilikuona ukifungua. Ulikuwa na nguo za kulala, mikono mitupu, ukajisogeza pembeni kuwakaribisha ndani wasisimame baridini. Hukumsukuma mtu. Walikukamata ukiwa bado unaonyesha ndani kwa mkono. Nilimwona shemeji akishikwa na watu wawili akiita jina la mtoto. Nilimwona Sabera akibebwa, miguu peku, akanipungia. Nami nikampungia. Kwa mazoea tu, kama anavyopita kwenda shule. Mkono huo sasa siutaki.

Halafu nikarudi nyumbani, nikakamua, nikaenda dukani kusikia habari.

Kesho asubuhi nikimaliza kukamua nakaa mezani na kumwandikia wakili Aune. Yote haya, kama nilivyoyaandika hapa. Naapa.

Torleiv


Kituoni, 25 Februari

Kaka Torleiv,

Nauroz nasema, Sabera anaandika. Wakili alikuja leo. Anasema hajapata kitu kutoka kwako. Labda posta imechelewa. Alituambia bodi inakaa Jumatatu ya wiki ijayo, na karatasi ikifika baada ya hapo haitasomwa.

Sisi ni wazima. Familia moja ya chumba cha jirani iliondolewa asubuhi, na Zewar sasa ameanza tena kulala na nguo. Nilimwambia hapa milango imefungwa, hakuna wa kuja kutuchukua ghafla, wako humu humu ndani. Hakucheka.

Nakukumbusha tu.

Nauroz

Baba Mkubwa! Posta ya Skorvdal imefukiwa na theluji au? Si una trekta wewe, isafishie njia basi! Mwalimu wa hapa alituambia tuchore mtu tunayemwamini. Kila mtu kachora mama yake. Mimi nimechora trekta, maana uso wako ni mgumu kuchora, una mashavu mengi. Ndama tumwite Zarda. Kwetu ni wali mtamu wa manjano, Mama huupika siku za furaha. Usimpe jina lingine kabla sijaja.

Sabera


Skorvdal, 1 Machi

Ndugu yangu Nauroz,

Nimeandika! Nimeipeleka mwenyewe mjini mpaka mkononi mwa karani wa wakili, nikangoja mpaka akaigonga muhuri. Kwa hiyo imewahi, usiwe na wasiwasi tena.

Samahani kwa kuchelewa. Sikuwa nimelala, bali nilitaka kufanya mambo kwa utaratibu. Mkataba wa kusafisha barabara unasainiwa upya majira haya ya kuchipua, na nikaona ni adabu Kvernmo wa idara ya barabara ajue mapema kabla hajasikia kwa watu. Nilidhani atanifokea. Hakunifokea. Alisoma karatasi yangu mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Torleiv, hapa unajitia kitanzi mwenyewe, na sisi wote unatufunga kwenye kamba hiyo hiyo. Sema ukweli, nani amekukataza? Ila ukweli hauna haja ya kutembea uchi." Ni mtu mzuri, Kvernmo, alikuwa pale kwenye mienge. Akanisaidia kurekebisha maneno mawili matatu yakae kiofisi. Yaliyomo ni yale yale. Nimewaambia kwamba nilikuwepo, na jina langu liko pale chini kwa mkono wangu.

Ragnfrid alitaka kuisoma, nikamwambia bahasha nimeshaifunga.

Nauroz, jana nililala mpaka kukakucha, mara ya kwanza tangu Januari. Nimejiona kama mtu aliyetua mzigo. Sasa nikikutazama usoni nitaweza. Nyumba yenu ina joto, nimebadilisha na bawaba ya mlango wa nyuma iliyokuwa inalia. Kondoo wanaanza kuzaa Aprili na nakuhitaji bandani, mimi peke yangu siwezi, na wewe una mkono mzuri wa kuzalisha kondoo. Sabera mwambie ndama bado hana jina rasmi, ila tayari anaitikia Zarda.

Msalimie shemeji. Mwambie atakula wali huo hapa.

Kaka yako,
Torleiv


Kituoni, 11 Machi

Bwana Torleiv Moen,

Leo naandika mwenyewe na hakuna anayenitamkia.

Barua ya bodi ililetwa jana na wakili. Alikaa kidogo akaondoka, macho yake yalikuwa mekundu. Mama hasomi Kinorwe na Baba anasoma polepole, kwa hiyo barua za serikali nawasomea mimi. Nimekuwa nikiwasomea tangu darasa la pili. Nilikaa kitandani katikati yao, nikawa nasoma sentensi moja kwa Kinorwe, halafu naisema kwa lugha yetu.

Katikati ya barua pameandikwa Shahidi. Panasema hivi: "Shahidi Moen anaeleza kwamba alisafisha barabara mbele ya gari la polisi kwa agizo la halmashauri. Hakujua gari hilo linakwenda kwa nani. Alibaki ndani ya trekta umbali fulani kutoka kwenye nyumba, na kwa sababu ya giza na theluji hakuweza kuona yaliyotokea mlangoni. Maelezo yake hayapingani na taarifa ya polisi."

Hapo ndipo nilipojua ulikuwa mbele yao. Miezi yote hii mimi nilidhani ulikuwa nyuma.

Nilisoma kwa Kinorwe mpaka mwisho wa sentensi ya mwisho, halafu nikajifanya nakohoa ili nipate muda. Mama akanishika goti, akauliza, "Torleiv amesema nini?" Alikuwa amekaa wima kabisa. Nikamwambia, "Amesema aliona Baba akifungua mlango mwenyewe. Amesema Baba aliwakaribisha ndani. Amesema hakusukumwa mtu yeyote. Lakini bodi haikumwamini."

Mama akalia. Akasema Mungu akuzidishie wewe na Ragnfrid, kwamba angalau mtu mmoja alisimama akasema, na kwamba hatasahau. Baba alikuwa anaangalia karatasi. Alikuwa ameweka kidole kwenye jina lako na kidole hakikuondoka. Alinilaza kichwa kifuani kwake na kukaa hivyo muda mrefu, na usiku nilimsikia yuko macho.

Mimi sijawahi kutafsiri uongo. Hospitalini, daktari aliposema mtoto wa Mama amefia tumboni, nilisema vile vile alivyosema, kwa sababu Baba aliniambia hiyo ndiyo kazi yangu. Hii ni mara ya kwanza.

Watoto wa hapa nimewaambia ile hadithi ya trekta niliiota. Yule kijana wa Kieritrea hakunicheka, alinipa nusu ya chokoleti yake.

Kesho asubuhi tunapelekwa uwanja wa ndege. Usijibu, kwa sababu hatujui tutakaa wapi. Barua hii nampa mchungaji.

Mama amesema nikuandikie asante.

Asante.

Sabera Rezai